Makabidhiano ya funguo za nyumba yaandikwe, yasiachiwe mdomo

Hakuna picha ipendwayo na wauzaji wa nyumba nchini kama ile ya mkono mmoja ukitia ufunguo katika kiganja cha mkono mwingine. Imo katika mabango ya barabarani, imo katika matangazo ya benki, na haikosekani katika sherehe za serikali. Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alipozindua nyumba 1,080 katika mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, habari iliyotangazwa kote ni kwamba wakazi wapya wamekabidhiwa funguo. Wala si ajabu. Kwa mwalimu aliyekatwa mshahara miaka nenda miaka rudi na chama chake cha ushirika cha akiba na mikopo, ufunguo ndiyo thawabu ya kwanza anayoweza kuishika mkononi.

Hata hivyo, kuna swali ambalo ni wachache wanaojiuliza. Ufunguo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, ni kitu gani hasa kinachokabidhiwa? Je, kinakabidhiwa lini, wapi, mbele ya nani na kwa ushahidi gani? Bei ya nyumba hujadiliwa kwa miezi na kuandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Siku ya funguo, kwa upande mwingine, aghalabu hupangwa kwa simu, tena jioni, watu wakiwa na haraka ya kurejea makwao. Dai langu katika makala haya ni kwamba makabidhiano ya funguo yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule tunaouandikia bei, na kwamba sisi tunaofundisha lugha tuna sehemu yetu katika jambo hili.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kuyachunguza maneno, kwa hivyo nitaanza na maneno.

Kitenzi "kabidhi" asili yake ni Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kukishika kitu mkononi. Ndiyo sababu hata katika Kiswahili mtu bahili, asiyeiachilia senti yake, huitwa kabidhi. Neno hili basi halisimulii habari za kutoa pekee. Linasimulia pia habari za kushika. Aliyekabidhiwa ni yule ambaye kitu kimetiwa mkononi mwake naye akakishika barabara. Tukikiongezea kitenzi hiki kiambishi cha kutendeana twapata "kabidhiana", na kutokana nacho tunaunda nomino "makabidhiano". Kiambishi hicho hakikutiwa hapo kwa urembo. Kinatuambia kwamba tendo hili lina watu wawili, na kila mmoja wao hutoa na kupokea. Mnunuzi anakabidhi fedha, muuzaji anakabidhi nyumba.

Linganisha hayo na usemi wetu wa kila siku. Mnunuzi husema, "Nimepewa ufunguo," kana kwamba amefanyiwa hisani. Muuzaji naye husema, "Nilipeana ufunguo." Walimu wa Kiswahili wanafahamu vyema jinsi Wakenya tunavyolitumia neno "peana" kwa tendo la mtu mmoja, hata kiambishi cha kutendeana kikabaki bila kazi. Katika darasa, kosa hilo hugharimu alama moja. Katika ununuzi wa nyumba, fikra iliyo nyuma yake yaweza kugharimu akiba ya maisha, kwa maana mtu anayeamini kwamba anapewa haulizi maswali, ilhali anayejua kwamba anakabidhiana huhesabu.

Wazee wetu wa pwani waliokuwa na elimu ya fikihi hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Afrika Mashariki, nyumba haihesabiwi kuwa imekabidhiwa kwa maneno tu. Sharti muuzaji aiache, aondoe vitu vyake vilivyomo, ampe mnunuzi ufunguo na amwezeshe kuitumia apendavyo. Tazama jinsi mambo hayo yalivyopangwa pamoja. Ufunguo wa nyumba ambayo bado imejaa makabati ya mwenyewe wa zamani haujakabidhi nyumba.

Sasa tuigeukie sheria ya Kenya. Jambo la kwanza ambalo kila mnunuzi hana budi kulikariri ni kwamba ufunguo si hati miliki. Kwa mujibu wa kifungu cha 24 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, umiliki humwendea mtu anaposajiliwa kuwa mwenye ardhi hiyo. Mtu anaweza kuwa na funguo zote, akalala na kuamka ndani ya nyumba, na bado katika sajili ya ardhi jina likawa la mwingine. Wakazi wa Mombasa na Malindi wanalijua hilo kuliko sisi wa bara. Katika mitaa yao mikongwe umo utaratibu uitwao nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga au hununua nyumba huku ardhi iliyo chini yake ikiwa ya mtu mwingine anayelipwa kodi. Anunuaye nyumba ya namna hiyo hupokea ufunguo halali wa mlango halali, lakini udongo anaoukanyaga si wake. Vilevile, anayeingia katika nyumba ya serikali kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi huupata ufunguo kwanza, na umiliki kamili humfuata miaka mingi baadaye.

Hata hati yenyewe si ngao isiyotoboka. Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu, katika kesi baina ya kampuni ya Dina Management na serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba hati ambayo chimbuko lake halikufuata sheria haimkingi mnunuzi, hata akidai kuwa alinunua kwa nia njema. Maadamu hali ni hiyo, uchunguzi wa historia ya ardhi katika afisi ya ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa jijini Nairobi mwaka wa 2021 kwa sehemu unakotumika, ni lazima utangulie siku ya funguo kwa muda mrefu.

Ikiwa ufunguo si hati, basi ufunguo ukabidhiwe lini? Hapa ndipo penye mtego, kwa sababu ununuzi wa nyumba una siku tatu ambazo watu huzichanganya. Ipo siku ya kutia sahihi mkataba, ambapo mnunuzi kwa desturi hulipa arbuni ya asilimia 10 ya bei. Ipo siku ya ukamilisho, ambayo aghalabu huwekwa kuwa ndani ya siku 90, ambapo muuzaji hutoa hati asili na vyeti vyote vinavyohitajika naye mnunuzi hulipa salio. Kisha ipo siku ya usajili, baada ya ushuru wa stempu kulipwa, yaani asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani. Mkataba usiposema funguo zinafuata siku ipi kati ya hizo tatu, kila upande utachagua siku inayoufaa.

Mnunuzi alipaye kwa fedha zake mwenyewe ana njia nyepesi zaidi. Funguo na salio vinaweza kukutana siku moja. Hata hivyo, tukumbuke kwamba hundi hapa nchini haiwezi kuzidi shilingi milioni moja, hivyo fedha za nyumba husafirishwa moja kwa moja kutoka benki hadi benki katika siku za kazi. Kupanga makabidhiano Ijumaa jioni basi ni kujitafutia usiku wa mashaka, mnunuzi akisema ametuma na muuzaji akisema hajapokea. Bora ichaguliwe asubuhi ya katikati ya juma. Bora zaidi, muuzaji aziache funguo zote kwa wakili wake siku moja kabla, na mkataba useme kwamba wakili atazitoa mara tu benki inapothibitisha kuwa fedha zimeingia. Kwa njia hiyo hakuna anayetangulia kumwamini mwenziwe kwa macho yaliyofumbwa.

Mnunuzi wa mkopo ana kazi ngumu zaidi. Benki haimwagi fedha kabla ya nyumba kusajiliwa kwa jina la mnunuzi na kuwekwa rehani kwake. Inachotoa mapema ni ahadi rasmi kupitia kwa wakili wake kwamba italipa baada ya usajili. Muuzaji naye, kwa haki kabisa, hapendi kuachilia funguo kwa sababu ya ahadi. Matokeo yake ni kipindi ambacho mnunuzi tayari ameandikwa katika sajili kuwa mwenye nyumba, lakini bado analipa kodi kwingine na hana hata ruhusa ya kupima madirisha apate kununua pazia. Kipindi hicho hakiepukiki, ila chaweza kuwekewa mipaka. Mkataba useme ni siku ngapi baada ya fedha kuingia ambapo muuzaji atakuwa amehama, na ni fidia gani atakayotoa kwa kila siku atakayozidisha.

Hali ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote, nayo huja ikiwa imevaa nguo za wema. Muuzaji anamwambia mnunuzi ambaye amelipa arbuni tu, "Ingia ukae, mengine tutayamaliza." Mnunuzi anaingia, anapaka rangi, anabomoa ukuta wa jikoni. Baadaye mkopo unakataliwa, au mke wa muuzaji anajitokeza na kusema hakuwahi kuridhia nyumba ya ndoa iuzwe, ridhaa ambayo Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inaidai. Je, mtu huyo aliye ndani ni nani? Si mwenye nyumba, kwa kuwa hajasajiliwa. Si mpangaji, kwa kuwa hana mkataba wa pango. Muuzaji naye hawezi kuiuza nyumba yake kwa mwingine kwa urahisi, kwa kuwa imekaliwa. Wote wawili wamefungwa na ufunguo mmoja. Ikiwa hapana budi mnunuzi aingie mapema, na iandikwe kwamba anaingia kwa idhini tu, atalipa kiasi gani kwa mwezi, hatabadilisha chochote katika jengo, na atatoka katika siku ngapi biashara ikivunjika. Na iandikwe pia ni nani atakayebeba hasara nyumba ikiungua katika kipindi hicho.

Tukishajua lini, tujiulize nini. Katika sarufi, "ufunguo" ni umoja na "funguo" ni wingi, na tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa mlangoni. Muuzaji hukabidhi ufunguo. Mnunuzi anapaswa kudai funguo. Mlango wa mbele una nakala ngapi? Ziko wapi zile alizopewa kijakazi, shemeji, fundi wa mabomba na mlinzi wa usiku? Ufunguo wa lango la ploti u wapi? Wa mita ya maji je, na wa mlango wa kupandia katika tangi darini? Hata baada ya kuzipokea zote, mnunuzi mwenye busara humwita fundi siku hiyohiyo abadilishe vitasa na kununua makufuli mapya. Hilo halina maana kwamba muuzaji ni mwizi. Muuzaji mwenyewe hana uwezo wa kujua ni nakala ngapi zilizochongwa katika miaka aliyoishi humo.

Fauka ya hayo, kuna mambo yanayokabidhiwa pamoja na funguo ingawa hayashikiki. Usomaji wa mita ya maji siku ile uandikwe, na namba ya mita ya umeme pia, pamoja na uthibitisho kwamba hakuna deni lililobakia, kwani kampuni ya umeme haiujui urafiki wenu; inaijua mita. Kodi za ardhi zinazodaiwa na serikali ya kaunti zigawanywe kwa kufuata tarehe ya makabidhiano. Ikiwa nyumba ni sehemu ya jengo kubwa, pawepo barua ya wasimamizi inayoonyesha kwamba ada ya ulinzi na usafi imelipwa. Ikiwa ni mpya, mnunuzi azunguke akiwa na kalamu, afungue kila bomba, awashe kila taa, afunge na kufungua kila dirisha, na kasoro zote ziandikwe na kuwekewa tarehe ya kurekebishwa kabla hajatia sahihi kwamba amepokea. Aulize pia kama kaunti imetoa cheti cha kuruhusu jengo hilo likaliwe.

Na ikiwa nyumba ina wapangaji? Hapo funguo hazimo mikononi mwa muuzaji hata kidogo. Zi mikononi mwa wapangaji, nao hawakutia sahihi mkataba wowote wa kuuza. Kinachokabidhiwa basi ni makaratasi, yaani mikataba yao ya pango, amana walizoweka, hesabu ya kodi ya mwezi ule, na barua ya muuzaji inayowajulisha jina la mwenye nyumba mpya. Mnunuzi anayesahau amana hizo atazirudisha kutoka mfukoni mwake siku wapangaji watakapohama.

Yote niliyoyataja yanatosha katika ukurasa mmoja, nao tuuite hati ya makabidhiano. Ndani yake muwe na tarehe na saa, majina ya pande mbili, maelezo ya nyumba na namba ya ploti, idadi ya funguo na mlango wa kila mmoja, usomaji wa mita, vifaa vinavyobaki na vinavyoondoka, kasoro zilizoonekana, na sahihi za muuzaji, mnunuzi na shahidi. Ziandikwe nakala mbili. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe katika maandishi, utiwe sahihi na wahusika na ushuhudiwe. Kifungu hicho hakisemi lolote juu ya funguo. Pengo hilo ni letu kuliziba.

Tena hati hiyo iandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, mikataba ya nyumba huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kisheria ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara tatu. Siwaombi mawakili waache lugha waliyosomea. Naomba kwamba ukurasa huu mmoja, ambao utasomwa mlangoni na si mahakamani, uwe katika Kiswahili. Maneno yote tunayo: arbuni, salio, kitasa, komeo, mita, amana, rehani, shahidi. Hakuna hata moja ambalo linatulazimu kuunda istilahi mpya.

Kuna watakaosema kwamba kuandika kila kitu ni dalili ya kutoaminiana, na kwamba mila zetu zilijengwa juu ya neno la mtu. Nakubali kwamba neno la mtu lilikuwa na uzito, lakini lilisemwa mbele ya wazee walioshuhudia na waliokaa kijiji kimoja hadi kufa kwao. Muuzaji na mnunuzi wa leo mara nyingi wamekutana kupitia kwa dalali, na baada ya siku ile mmoja atakuwa Kitengela na mwingine Eldoret. Karatasi imechukua nafasi ya wazee wale. Kwa hakika ndiyo inayolinda urafiki, kwa kuwa watu wawili wenye orodha moja hawana la kugombania. Wahenga walilisema hili zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya wakili. Ni kweli kwamba wakili ni wa lazima. Hata hivyo, wakili hatakwenda nawe kujaribu bomba la jikoni, wala hatazihesabu funguo.

Ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katika somo la insha tunawafundisha wanafunzi uandishi wa kiuamilifu: barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ratiba, tahadhari, resipe. Ni vyema. Lakini ni wanafunzi wangapi watakaoandika resipe baada ya kutoka shuleni, na ni wangapi watakaopokea funguo, ikiwa si za nyumba waliyoinunua basi za chumba walichokipanga? Hati ya makabidhiano inamdai mwanafunzi mambo yote tunayoyatafuta katika lugha: usahihi wa umoja na wingi, tarakimu na maneno yanayopatana, sentensi isiyo na maana mbili, na mpangilio ambao mgeni anaweza kuufuata. Mwalimu anaweza kuanza na funguo za darasa au za maktaba. Kiranja anayeondoka na anayeingia wakae mezani, wahesabu, waandike, watie sahihi, na wanafunzi wengine waikosoe hati yao. Sentensi kama "nimepokea ufunguo na vitu vyote" ipewe sufuri, kwa sababu haimwambii msomaji ni ufunguo upi wala ni vitu gani.

Mwanafunzi aliyepita katika zoezi hilo hatamwambia muuzaji miaka ishirini baadaye, "Nipe tu ufunguo, mengine tutaongea." Atafika mlangoni na karatasi mbili na kalamu, atazijaribu funguo moja moja katika vitasa vyake, na hataondoka hapo kabla sahihi ya pili haijakauka.